Dakika Moja Iliyofika Mahakamani: Biashara ya Kolabo na Masikio ya Kasulu na Kibondo

Aprili 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki wawili zaidi ya Sh bilioni 2. Wanamuziki wenyewe ni Ambwene Yesaya, ambaye mashabiki wanamwita AY, na Hamis Mwinjuma, maarufu kama MwanaFA. Nyimbo zilizozua kesi ni "Dakika Moja" na "Usije Mjini", zote walizozifanya pamoja, na mahakama iliridhika kwamba zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni haikukubaliana na hukumu, ikakata rufaa, na mvutano ukahamia mahakama za juu. Hata hivyo, wimbo wa watu wawili, uliorekodiwa uchezwe redioni na kwenye kumbi, ulikuwa umetajiwa thamani na hakimu kwa tarakimu kumi.

Kutoka Ilala hadi Kasulu au Kibondo ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Wilaya hizi mbili za nyanda za juu za Kigoma hazina studio kubwa, na msanii akitaka kutoka kimuziki bado anapanda basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Lakini kesi ya AY na MwanaFA inazigusa moja kwa moja, kwa sababu watu wa huku ni wasikilizaji wakubwa, na usikilizaji wao kwa miaka mingi umekuwa hauhesabiwi na yeyote.

Miito ya simu ndiyo iliyoanza kuuhesabu. Mteja alibonyeza namba chache, salio likakatwa, na tangu hapo kila aliyempigia akasikia wimbo aliouchagua hadi simu ipokelewe. Haikuhitaji simu janja wala intaneti. Kitochi kilitosha. Mkulima wa maharage wa Makere aliyeweka wimbo kwenye laini yake alikuwa mteja kamili wa muziki, sawa na mwenye ofisi Posta jijini Dar es Salaam, na mitambo ya kampuni ya simu iliandika namba yake, wimbo aliouchukua na tarehe aliyokatwa fedha. Kwa maeneo yasiyokuwa na duka la kanda wala ukumbi wa maana, hiyo pengine ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa usikilizaji wa mtu mmoja mmoja kuacha rekodi inayoweza kupelekwa mahakamani.

Fedha hizo hazikwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Kampuni ya simu ilichukua fungu lake, kwa kawaida lililo nono kuliko yote. Wakala aliyekusanya nyimbo na kuziingiza kwenye mtandao wa simu alichukua lake. Kilichobaki ndicho kilichomfikia msanii, na wimbo ukiwa wa wawili, baki hilo linagawanywa tena. Kwa hesabu hiyo, mtu anaweza kushangaa kwa nini wasanii wanapenda kolabo kiasi hiki.

Jibu liko kwenye historia ya wawili hawa. AY na MwanaFA walikulia kimuziki katika East Coast Team, kundi la Upanga lililokuwa na King Crazy GK, na kila mmoja alikuwa na jina lake kabla hawajaanza kufanya kazi kama jozi. Mwaka 2008 walitoa albamu ya pamoja, "Habari Ndio Hiyo", na wimbo wenye jina hilo ukawa miongoni mwa nyimbo zilizotamba sana wakati huo. Walipoungana waliunganisha mashabiki wa aina mbili: waliompenda AY kwa nyimbo zinazochezeka na kwa urahisi wake wa kufanya kazi na wasanii wa nchi jirani, na waliompenda MwanaFA kwa mistari ya kufikirisha. Gharama za studio na video ziligawanywa, na mwandaaji wa shoo aliweza kuchapisha majina mawili makubwa kwenye bango moja. Baadaye waliongeza la tatu: "Bila Kukunja Goti" walimshirikisha J. Martins wa Nigeria.

Kolabo, kwa maneno ya kibiashara, ni ubia. Na kama ubia wowote, inakuwa tamu hadi siku ya kugawana.

Wimbo wa Harmonize akimshirikisha Diamond Platnumz, "Kwangwaru", ulitoka 2018 na kutikisa Afrika Mashariki yote. Mwaka uliofuata Harmonize aliondoka Wasafi, lebo ya Diamond. Wimbo uliendelea kuchezwa harusini kama kwamba hakuna kilichotokea, lakini waliouimba hawakuwa tena chini ya paa moja. Mwishoni mwa 2018 hiyohiyo, wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akiwa na Diamond ulifungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na wote wawili wakasimamishwa kufanya maonyesho baada ya kuuimba jukwaani licha ya katazo. Hapo ndipo ubia unapoonyesha upande wake wa pili. Kosa la wimbo mmoja lilifunga milango ya mapato ya wasanii wawili, pamoja na wapiga ala, wacheza shoo na waandaaji waliokuwa wamekwishalipa malipo ya awali.

Kigoma ina haki ya kujiona mzazi wa sehemu kubwa ya muziki huu. Diamond na Alikiba, majina mawili ambayo mashabiki wamekuwa wakiyashindanisha kwa zaidi ya miaka kumi, wote wana asili ya mkoa huu. Mwasiti, Linex, Peter Msechu na Baba Levo wanahesabiwa humo pia. Mwaka 2012 wengi wao walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars na kurekodi "Leka Dutigite", wimbo uliochanganya Kiswahili na Kiha, huku Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, akiwa mmoja wa waliousukuma. Alikiba na Diamond wamo wote katika wimbo huo. Ukiondoa kazi hiyo ya kundi, kolabo ya wawili hao peke yao haijawahi kutolewa, na soko la muziki la Tanzania limekosa bidhaa ambayo kila mwenye kumbi, redio na kampuni ya vinywaji angeipigania.

Upande wa injili pia mkoa haujalala. Christina Shusho, mzaliwa wa Kigoma, alishirikiana na Janet Otieno wa Kenya katika "Napokea Kwako", na wimbo huo ukavuka mpaka kwa urahisi kuliko bidhaa nyingi zinazopita Namanga. Kasulu ni mahali pazuri pa kupima nguvu ya nyimbo za namna hii. Mji huu ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, una misheni ya Kikatoliki ya Kabanga jirani, na kwaya zake hazina idadi. Wimbo wa injili ukipendwa huku hauishii redioni. Unaingia kwenye ibada, kwenye mikesha, kwenye send-off na kwenye misiba, na mara nyingi unaimbwa upya na kwaya bila mtunzi kujua.

Sasa ukitaka kuona jinsi wimbo unavyofika kwa msikilizaji, simama karibu na stendi ya Kasulu siku ya gulio. Kuna vibanda vya mbao vyenye kompyuta moja, spika mbili na sabufa iliyowekwa chini ili mtikisiko wake uite wateja. Mteja anakuja na flash au memori kadi aliyoitoa kwenye simu. Hasemi jina la albamu. Anasema, "Niwekee za Diamond mpya, na zile za Kikongo, na injili kidogo za mama." Kijana wa kibanda anachomeka kadi, anaburuta mafoda mazima, na baada ya dakika chache mteja anaondoka na nyimbo mia na ushee kwa bei isiyotosha sahani ya wali maharage. Hakuna risiti, na hakuna orodha ya kilichonakiliwa. Katika foda hilo "Dakika Moja" inaweza kuwa imekaa kati ya rumba na kwaya, jina la faili limekosewa herufi, na aliyelipa ameridhika kabisa kwamba ameununua muziki wake kihalali, kwa sababu alimlipa mtu.

Ni vibaya kumbebesha kijana huyo lawama zote. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa mfumo pekee wa usambazaji uliokuwepo. Kasulu na Kibondo zilikuwa zikitegemea umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na nje ya miji ilikuwa sola au kukaa gizani. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani, alizindua kuunganishwa kwa Kigoma na Gridi ya Taifa. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo imebadilisha safari zilizokuwa za vumbi na matope. Umeme wa uhakika una maana kubwa kwa muziki kuliko inavyosemwa. Saluni, baa, mashine za kusaga na vibanda vya kuchaji simu sasa vinapiga nyimbo kutwa nzima, na mabasi yanayokwenda Mwanza yana skrini inayoonyesha video tangu alfajiri.

Yote hayo, kisheria, ni matumizi ya kazi za watu mbele ya umma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliunda COSOTA, iliyoanza kama Chama cha Hakimiliki na sasa inajulikana kama Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kuweka utaratibu wa wenye baa, hoteli, mabasi na vituo vya utangazaji kulipia leseni. Januari 2022 mgao wa mirabaha uliotangazwa ulikuwa zaidi ya Sh milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Gawanya, na wastani haufiki Sh 300,000 kwa mtu. Weka kiasi hicho kando ya Sh bilioni 2 za Ilala, zilizoamriwa kwa nyimbo mbili tu, na tofauti inaonyesha waziwazi kiasi cha fedha kinachopotea kati ya sikio na mfuko.

Ili mgao uwe wa haki, lazima kuwe na taarifa ya nini kimepigwa, wapi na mara ngapi. Vituo vikubwa vya Dar es Salaam vinaweza kuitoa taarifa hiyo kwa urahisi. Baa ya Kibondo haiwezi, na hata ikilipia leseni, fedha yake inagawanywa kwa kufuata orodha za wengine. Matokeo yake ni kwamba msanii anayependwa sana huku Kigoma lakini hapigwi sana Dar es Salaam, tuseme mwimbaji wa Kiha au kwaya ya Kasulu, anachangia kwenye kapu bila kuchota. Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya mfumo wote, na inawaumiza zaidi wale ambao hawana sauti ya kuilalamikia.

Serikali imejaribu kuziba pengo kwa njia nyingine. Sheria ya Fedha ya 2022 iliingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Wazo lake ni la busara: kwa kuwa haiwezekani kumweka mkaguzi kwenye kila kibanda cha Kasulu, basi kifaa chenyewe kilipiwe kinapoingia nchini, na fedha hiyo iwafikie wabunifu. Hata hivyo tatizo la orodha linabaki palepale. Tozo inajua kifaa kimeuzwa. Haijui kama ndani yake kuna AY na MwanaFA, kuna Shusho, au kuna kwaya ya Heru Juu.

Majukwaa ya mtandaoni yangeweza kujibu swali hilo. Mdundo, kampuni iliyoanzia Kenya na iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen Septemba 2020, imejijenga kwa watu wanaopakua nyimbo kwenye simu za bei ya chini, na Tanzania ni miongoni mwa masoko yake makubwa. Boomplay na YouTube zinaandika kila usikilizaji. Mteja wa Kibondo akihama kutoka kibanda kwenda programu ya simu, kwa mara ya kwanza tangu enzi za miito ya simu anaingia tena kwenye hesabu. Kinachomzuia ni bei ya bando. Nyimbo 100 kwa intaneti zinaweza kumla salio la wiki, wakati kibandani anazipata kwa nauli ya bodaboda ya karibu. Mpaka hesabu hiyo ibadilike, flash itaendelea kushinda.

Kuna kundi jingine la wasikilizaji ambalo wafanyabiashara wa muziki huwa wanalisahau. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na tangu 2015 ilipokea pia Warundi wengi, huku Nduta, wilayani Kibondo, ikifunguliwa upya mwaka huohuo. Watoto waliozaliwa humo wamekua wakisikiliza Bongo Fleva kwa Kiswahili na rumba kwa Kilingala. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi, imewafikia kwa miaka mingi pamoja na wenyeji wa Kibondo na Kasulu. Kwa masikio kama haya, Diamond kumshirikisha Fally Ipupa katika "Inama" mwaka 2019, kisha Koffi Olomide katika "Waah!" Novemba 2020, ilikuwa hesabu ya soko iliyokaa sawa. Wimbo mmoja uliunganisha wanunuzi wa pande mbili za Ziwa Tanganyika. Waandaaji wa shoo wanaosema Kigoma haina wateja wangefanya vyema kuangalia kwanza ramani ya lugha zinazosikilizwa huku.

Kilio cha mirabaha ya wimbo wa wawili hakikuanza na Bongo Fleva. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja nchini Marekani, na ndani yake waliimba kwa pamoja "Malaika", wimbo ambao Fadhili William alikuwa ameurekodi Nairobi mwanzoni mwa muongo huo. Albamu ilishinda tuzo ya Grammy. Wimbo ukazunguka dunia nzima na kuimbwa na wasanii wa kila aina, lakini Fadhili alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai kwamba hakupata alichostahili, huku wengine nao wakidai kuwa ndio watunzi halisi. Alifariki Februari 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Karatasi za mwanzo, zile zinazosema nani katunga na nani anamiliki rekodi, ndizo zilizokuwa dhaifu.

AY na MwanaFA waliweza kusimama mahakamani kwa sababu jina la kila mmoja lilikuwa halina shaka kwenye kazi, na kwa sababu walisimama pamoja. Kama mmoja angeuza haki zake kimyakimya, au kama wangekuwa wamegombana juu ya nani aliandika kiitikio, upande wa pili ungepata mwanya. MwanaFA alichaguliwa mbunge wa Muheza 2020, na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, yaani wizara yenye dhamana ya hakimiliki hizohizo. Si kawaida kwa mdai wa mirabaha kuhamia upande wa meza inayotunga sera, na wasanii wa mikoani wana sababu ya kumtaka aitumie nafasi hiyo kusukuma mfumo wa kuhesabu unaofika wilayani.

Kwa vijana wawili wa Kibondo wanaotaka kurekodi pamoja leo, kazi huanza kabla ya kupanda basi. Sheria inawatofautisha mtunzi, mtumbuizaji na mtayarishaji wa rekodi, na mtu mmoja anaweza kuwa zaidi ya kimoja. Prodyuza aliyetengeneza mdundo bila malipo kwa ahadi ya kugawana baadaye ana chake humo, na asipoandikwa atakuja kudai siku wimbo utakapovuma. Karatasi moja yenye majina kamili, namba za vitambulisho, asilimia za kila mmoja, tarehe na saini za mashahidi wawili inatosha kuanzia, kisha wimbo usajiliwe COSOTA kwa majina yaleyale. Muda wa ulinzi nao si mchezo. Kwa kazi ya watunzi wawili, sheria ya Tanzania inahesabu maisha ya yule atakayebaki wa mwisho, kisha inaongeza miaka 50. Mmoja akifariki 2060 na mwenzake akaishi hadi 2075, warithi wa wote wawili, popote watakapokuwa, watakuwa na haki ya kulipwa kwa wimbo huo hadi 2125.